Namba zilizo pembeni mwa jina: namna ya kusoma rekodi ya mtafiti wa ubongo

Tuseme unatafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu katika saikolojia, na unataka kufanya kazi na picha za ubongo. Umepata majina matatu. Unafungua Google Scholar, unaandika jina la kwanza, na kabla hujasoma hata kichwa cha makala moja, jicho limeshakimbilia upande wa kulia. Kuna kajedwali kadogo pale: jumla ya marejeo, fahirisi ya h, na vinguzo vinavyopanda mwaka hadi mwaka. Jina la kwanza lina marejeo 4,000. La pili 900. La tatu 61,000. Basi, moyoni umeshaamua, si ndiyo?

Ngoja kwanza. Namba hizo zina maana, sitaki kusema hazina. Ila kwenye fani hii ya saikolojia na upigaji picha wa ubongo, zina tabia zake, na usipozijua zitakudanganya pande zote mbili: utamdharau mtu makini na utamwamini mtu usiyepaswa kumwamini. Tutatumia watafiti wa kweli, kwa sababu mifano ya kubuni haiumi.

Tuanze na kuhesabu kwenyewe. Rejeo ni pale makala moja inapoitaja nyingine katika orodha yake ya vyanzo. Wazo la kuyahesabu haya kwa mpangilio lilisukumwa na Eugene Garfield, Mmarekani aliyeandika pendekezo lake katika jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1964 akatoa faharasa kubwa ya marejeo ya sayansi. Mfano aliouchukua ulitoka kwa wanasheria. Tangu karne ya 19 wanasheria wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard vilivyoonyesha kila hukumu ilitajwa wapi baadaye, na (hapa pakumbuke, tutaparudia) kama ilithibitishwa, ilipingwa au ilitenguliwa. Garfield alitaka chombo cha kutafutia makala: ukijua makala moja ya zamani, unaweza kufuata nyayo zake mbele hadi leo. Kupima ukubwa wa watu kulikuja kama matumizi ya pembeni, kisha kukameza kila kitu.

Fahirisi ya h ni mtoto wa juzi tu. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo, kisha shuka ukihesabu. Kama makala zake zina marejeo 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 0, basi makala ya tano ina marejeo 5, lakini ya sita ina 3 tu, hazifiki sita. Fahirisi yake ni 5. Mwingine aliyeandika makala moja tu maishani, ikarejelewa mara 3,000, ana fahirisi ya 1. Hirsch alitaka kumzuia mtu wa makala moja iliyobahatika asionekane jitu, na pia mtu wa makala mia ambazo hakuna anayezisoma. Kwa hilo inafanya kazi vizuri. Lakini angalia jambo moja: fahirisi hii kwa kawaida haishuki. Mtu akistaafu inapanda. Akifariki inapanda. Na kama tutakavyoona, hata kazi zake zikitiliwa shaka, inaweza kuendelea kupanda.

Sasa twende kwenye ubongo.

Mwaka 2016 injini ya Semantic Scholar ilipowapanga wanasayansi wa ubongo kwa ushawishi, aliyetoka wa kwanza alikuwa Karl Friston wa London. Ni daktari wa magonjwa ya akili kwa mafunzo, aliyezaliwa mwaka 1959. Marejeo yake yanavuka laki mbili na fahirisi yake ya h inazidi 200. Yaani makala zaidi ya 200, kila moja imetajwa zaidi ya mara 200. Hiyo si mchezo. Ukimuuliza mtu wa kawaida kwamba huyu amegundua nini, hata hivyo, atakwama. Einstein tunajua, Darwin tunajua. Friston je?

Jibu fupi: alitengeneza kifaa ambacho wengine wote wanakitumia.

Mashine ya MRI inapotumika kufuatilia ubongo ukifanya kazi, haipigi picha ya mawazo. Inapima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, kwa njia iliyotokana na kazi ya Seiji Ogawa mwaka 1990. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale baada ya sekunde chache, na ishara ya mashine hubadilika kidogo sana. Kidogo mno kuonekana kwa macho. Ubongo unagawanywa katika vijisanduku vidogo viitwavyo vokseli, mara nyingi vya milimita mbili au tatu kila upande, na kuna makumi ya maelfu ya hivyo. Kwa kila kimoja unauliza: je, ishara ya hapa ilibadilika mtu alipoona uso kuliko alipoona nyumba? Rangi nyekundu na njano unazoziona kwenye magazeti si picha. Ni ramani ya majibu ya maswali ya takwimu, yaliyopakwa juu ya picha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Friston na wenzake waliandika programu iitwayo SPM ya kufanya hesabu hizo, kwanza kwa aina ya zamani ya picha iliyotumia dawa zenye mionzi, baadaye kwa MRI. Wakaitoa bure. Mtu yeyote duniani mwenye data na kompyuta aliweza kuipakua. Mwaka 2000 yeye na John Ashburner wakachapisha njia ya kulinganisha ujazo wa tishu za ubongo kijisanduku kwa kijisanduku. Mwaka 2003 kukaja njia nyingine ya kukadiria jinsi sehemu moja ya ubongo inavyoathiri nyingine. Kila anayetumia vifaa hivi anapaswa kuandika katika sehemu ya mbinu: tulitumia njia ya fulani na fulani. Rejeo moja. Zidisha kwa maelfu ya maabara na miaka thelathini.

Mfano mzuri ni ule utafiti maarufu wa mwaka 2000 wa madereva teksi wa London, wa Eleanor Maguire na wenzake. Walipiga picha ubongo wa madereva 16 waliokuwa wamekariri mitaa ya jiji lile, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa kuliko ya watu wasio madereva. Njia iliyotumika kulinganisha ni hiyo ya vijisanduku. Friston hayumo kwenye orodha ya waandishi, lakini bila kazi ya kundi lao utafiti ule usingefanyika kwa namna ile. Je, ni haki asihesabiwe? Si haki. Aliyemtengenezea mvuvi ngalawa ana sehemu yake kwenye samaki. Lakini ukisoma namba tu, huwezi kujua kama unamtazama mvuvi au fundi wa ngalawa, na kwa anayetafuta msimamizi tofauti hiyo ni kubwa. Fundi atakufundisha hisabati. Mvuvi atakufundisha swali.

Friston pia ana nadharia yake, kanuni ya nishati huru, inayodai kwamba ubongo, na hata kiumbe hai chochote, hufanya kazi ya kupunguza mshangao. Wako wanaoiona kuwa ndiyo jibu la kila kitu, na wako wanaokiri hadharani kwamba hawaielewi. Mimi nimo kwenye kundi la pili, siku nyingi. Tatizo ni kwamba ile namba moja kubwa inachanganya vitu hivi viwili. Mtu anayetetea nadharia anaweza kukuonyesha marejeo laki mbili kama ushahidi, wakati sehemu kubwa yake imetoka kwa watu waliotaka tu kusema walitumia programu gani.

Na kuna mfano mwingine wa kifaa kilichorejelewa kupindukia, ninaoupenda kuliko wote kwa sababu ni wa kawaida mno.

Mwaka 1971, R. C. Oldfield wa Edinburgh alichapisha dodoso la kujua kama mtu anatumia zaidi mkono wa kulia au wa kushoto. Vipengele 10: kuandika, kuchora, kurusha, mkasi, mswaki, kisu bila uma, kijiko, ufagio, kuwasha kiberiti, kufungua boksi. Unajaza, unapata alama kati ya −100 na +100. Basi. Makala hiyo imerejelewa makumi ya maelfu ya mara, kuliko gunduzi nyingi za saikolojia unazozisoma vitabuni. Kwa nini? Kwa sababu kwa watu wengi wa mkono wa kulia, zaidi ya asilimia 90, lugha inaendeshwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, wakati kwa wa mkono wa kushoto ni takriban asilimia 70 tu. Ukichanganya makundi hayo, ramani yako inavurugika. Kwa hiyo watafiti wengi huchagua watu wa mkono wa kulia peke yao, na ili kuthibitisha hilo wanawapa dodoso la Oldfield, kisha wanamtaja. Ni sentensi moja inayorudiwa kama bismillahi kabla ya chakula.

Hebu sasa lijaribu dodoso hilo hapa kwetu. Kwenye ufagio, swali linauliza ni mkono gani unaokaa juu. Juu ya nini? Linafikiria fagio la mpini mrefu linaloshikwa kwa mikono miwili. Bibi anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa anainama na kutumia mkono mmoja, hakuna wa juu wala wa chini. Kwenye kijiko, watu wengi wanakula ugali kwa mkono, na mkono wenyewe una adabu yake. Hata jina “mkono wa kulia” linakaribisha tafsiri ya mkono wa kulia chakula. Mtoto mashoto aliyechapwa mpaka akahamia kulia atapata alama za mtu wa kulia, na ubongo wake labda si wa hivyo. Sisemi dodoso ni baya. Nasema makumi ya maelfu ya marejeo hayakulifanya lifae kila mahali. Yalilifanya liwe la mazoea. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha wanasaikolojia kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya fani hiyo yaliyokuwa yamechunguzwa walitoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Rekodi ya marejeo ya mtafiti haina safu ya kuonyesha hilo.

Turudi kwa wale wanasheria wa Shepard. Vitabu vyao vilitofautisha hukumu iliyofuatwa na hukumu iliyotenguliwa. Faharasa za sayansi kwa kawaida hazitofautishi. Nikikusifu, +1. Nikikuonyesha umekosea, +1. Nikikutaja kwa sababu kila mtu anakutaja na sijafungua makala yako hata siku moja, +1 vilevile.

Katika picha za ubongo hili si jambo dogo. Kumbuka vile vijisanduku. Ukipima vijisanduku 50,000 kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, tarajia 2,500 viwake kwa bahati nasibu tu, hata kama hakuna chochote kinachoendelea. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walilionyesha hili kwa namna ambayo hakuna aliyesahau: walimwingiza samaki aina ya salmoni, aliyekufa, kwenye mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za binadamu na “kumwomba” akisie watu wale wanahisi nini. Hesabu bila kusahihisha wingi wa vipimo ikaonyesha vijisanduku vichache vinavyowaka kichwani mwa samaki. Waliposahihisha, vikazimika. Mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel. Watu walicheka, lakini maabara nyingi zilienda kimya kimya kukagua kazi zao.

Mwaka 2016 kicheko kiliisha. Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua data za watu 499 wenye afya waliolala tu ndani ya mashine bila kazi yoyote, wakawagawa katika makundi ya kubahatisha na kufanya uchambuzi wa makundi kama milioni tatu kwa programu tatu kubwa, SPM ikiwa mojawapo. Kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinatofautisha makundi, matokeo ya uongo yalipaswa kuwa asilimia 5. Katika baadhi ya mipangilio yalifika asilimia 70. Makala ya kwanza ilisema kwamba tafiti zipatazo 40,000 zimetiwa shaka, na namba hiyo ikazunguka magazetini kama moto wa nyikani. Baadaye waandishi wenyewe waliomba sentensi ile isahihishwe, na Nichols akakadiria kwamba zilizoathirika hasa ni kama 3,500. Friston na mwenzake Guillaume Flandin nao wakajibu: ukitumia kigezo kikali cha mwanzo, SPM inafanya inavyopaswa, tatizo ni watu waliotumia kigezo legevu.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, na huo ulikuwa mjadala wa sayansi kwa sura yake nzuri. Lakini tazama kilichotokea kwenye rekodi. Eklund na wenzake waliwataja waliowakosoa. Waliojibu waliwataja Eklund. Maelfu wakataja wote wawili kueleza wametumia kigezo gani. Kila mmoja namba zake zikapanda. Na ile 40,000 iliyosahihishwa? Bado ukiitafuta utaikuta ikitajwa kana kwamba haijaguswa.

Hapo angalau hakuna mgonjwa aliyeumia. Mfano unaofuata ni tofauti.

Hans Eysenck alizaliwa Berlin mwaka 1916, akafanya kazi yake London, na alipofariki mwaka 1997 alikuwa ndiye mwanasaikolojia aliye hai aliyekuwa anarejelewa zaidi kuliko wote kwenye majarida. Kama Google Scholar ingekuwepo wakati huo, ukurasa wake ungekutisha. Sehemu ya sababu unaijua tayari: dodoso. Maswali yake ya kupima haiba yalitumika kila mahali, na kila aliyeyatumia alimtaja. Sehemu nyingine ni ugomvi, maana aliandika juu ya akili na rangi za watu, na waliompinga walilazimika kumtaja pia.

Kuanzia miaka ya 1980, pamoja na Ronald Grossarth-Maticek aliyekuwa Heidelberg, alichapisha mfululizo wa makala zilizodai kwamba haiba ya mtu inachangia kwa kiasi kikubwa mno kufa kwake kwa saratani au ugonjwa wa moyo. Kiasi gani? Watu wenye haiba “ya saratani” walisemekana kuwa na uwezekano mara 121 zaidi wa kufa kwa ugonjwa huo kuliko wenye haiba salama. Ili uielewe namba hiyo: sigara, ambayo hakuna daktari anayeibishia, inaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban mara 15 hadi 30. Kuna utafiti mwingine ambamo watu 600 walipewa maandishi mafupi ya kuwafundisha kujitegemea kihisia. Baada ya miaka 13, waliofariki katika kundi hilo walikuwa asilimia 32. Katika kundi la watu 500 ambao hawakupewa, asilimia 82. Maandishi tu! Hakuna dawa duniani iliyowahi kukaribia hapo.

Weka hilo mbele ya mgonjwa. Umeambiwa una saratani, na kuna profesa anayerejelewa kuliko wote anasema chanzo ni jinsi ulivyo, unavyomeza hasira zako. Ni kumbebesha mgonjwa lawama juu ya ugonjwa. Na kwa kampuni za sigara ilikuwa habari njema, kwamba tatizo ni haiba ya mvutaji. Sehemu ya utafiti wa Eysenck ilipata fedha kutoka kwenye tasnia hiyo.

Hakuna aliyeona? Walioona walikuwepo. Mwaka 1992 Anthony Pelosi na Louis Appleby waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, wakionyesha wazi jinsi matokeo hayo yasivyoingia akilini. Hakuna kilichofuata. Pelosi alirudi mwaka 2019 na makala ndefu katika Journal of Health Psychology, na mhariri wa jarida hilo, David Marks, akadai uchunguzi. Mwaka huo huo King's College London, iliyorithi taasisi aliyofanyia kazi Eysenck, ilitangaza kwamba makala 26 alizoandika na Grossarth-Maticek si salama kuzitegemea. Majarida yakaanza kuziondoa. Zaidi ya kumi zimebatilishwa, na nyingine nyingi zimewekewa ilani ya tahadhari. Kutoka 1992 hadi 2019 ni miaka 27. Katika miaka hiyo yote rekodi ilikuwa inapanda, na makala ya BMJ iliyoionya dunia ilihesabiwa humo kama rejeo jingine kwa Eysenck.

Mtu atasema huyo ni mmoja. Kwa bahati mbaya, jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo ya kuthibitisha dhana, lakini zilizorudiwa ni asilimia 36 tu. Mwaka 2021 Marta Serra-Garcia na Uri Gneezy wakalinganisha marejeo ya tafiti zilizorudiwa katika saikolojia, uchumi na sayansi ya jamii, wakakuta zilizoshindwa kurudiwa ndizo zilizorejelewa zaidi. Hata baada ya kushindwa kuchapishwa hadharani, ni asilimia 12 tu ya marejeo yaliyofuata yaliyokiri jambo hilo. Maelezo yao yanaeleweka: matokeo ya kushangaza hupita kirahisi kwa wahakiki na hupendwa na wasomaji, na ya kushangaza mara nyingi ndiyo yasiyo kweli.

Je, kuna rekodi iliyo kubwa na imesimama? Zipo. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher, Josh McDermott na Marvin Chun walieleza eneo dogo chini ya ubongo linalowaka zaidi mtu anapoona nyuso kuliko vitu vingine. Walilikuta kwa watu 12 kati ya 15, na waliandika hivyo hivyo: 12 kati ya 15, si “kwa watu wote”. Walilitafuta kwa kila mtu mmoja mmoja badala ya kuwachanganya wote kwenye wastani, kisha wakajaribu maelezo mbadala moja baada ya jingine. Watu wanabishana hadi leo eneo lile ni la nyuso tu au la utaalamu wa kutambua vitu kwa jumla. Lakini kwamba lipo, maabara yoyote yenye mashine inaweza kulipata kwa dakika chache. Maelfu ya marejeo ya makala ile, na mengi yake ni ya watu waliolipata eneo hilo wenyewe.

Basi turudi kwa majina yako matatu. Mimi ningefanya hivi. Ningempanga kila mmoja kwa marejeo na kuangalia makala tano za juu ni za aina gani: ni ugunduzi, ni kifaa, au ni mapitio ya kazi za wengine? Mapitio nayo huvuna marejeo mengi. Yule wa 61,000 anaweza kuwa na 50,000 kutoka kwenye mradi wa pamoja wenye waandishi mia mbili, jina lake likiwa katikati. Si dhambi, miradi hiyo inahitajika sana. Lakini katika fani hii wa kwanza kwenye orodha ndiye kwa kawaida aliyefanya kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Kwa msimamizi, tafuta makala ambamo yeye ni wa mwisho na wa kwanza ni mwanafunzi. Ziko ngapi? Wanafunzi hao wako wapi leo? Hilo halimo kwenye kajedwali na ndilo linalokuhusu zaidi.

Umri pia. Marejeo 900 ya mtu aliyemaliza uzamivu miaka minne iliyopita ni mengi. Ya mwenye miaka thelathini kazini ni hadithi nyingine. Na usimlinganishe mtu wa picha za ubongo na mtu wa saikolojia ya jamii vijijini, ambaye jumuiya nzima ya wasomaji wake inajaa kwenye ukumbi mmoja. Kamati za kupandisha vyeo zinafanya kosa hilo kila siku, na tangu mwaka 2013 kuna Azimio la San Francisco linaloziomba ziache kumpima mtu kwa sifa ya jarida aliloandikia. Vyuo vingi vimesaini. Kusaini ni rahisi.

Kisha chagua makala yake moja, mojawapo ya zile anazojivunia, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta idadi ya washiriki. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha katika Nature, kwa data za watu wapatao 50,000, kwamba kuunganisha tofauti za ubongo baina ya watu na tabia zao, kama akili au huzuni, kunahitaji maelfu ya washiriki, wakati utafiti wa kawaida wa picha za ubongo ulikuwa na kama 25. Si kila swali linahitaji maelfu; kwa eneo la nyuso 15 walitosha, kwa sababu kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake. Kwa hiyo usikariri namba, uliza wanalinganisha nini na nini. Angalia kama data zimewekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzichukua na kurudia hesabu. Andika jina lake pamoja na neno la Kiingereza la kubatilishwa kwa makala, uone kinachotoka; na ukikuta mtu aliyebatilisha makala yake mwenyewe baada ya kugundua kosa, usimkimbie, huyo mtafute.

Halafu mwandikie mmoja wa wanafunzi wake barua pepe. Muulize mara ya mwisho matokeo yalipokwenda kinyume na alivyotaka profesa, ilikuwaje.